Kura Zenye Majina ya Wenyewe

Sikuwa na gari. Sikuwa na cheo. Sikuwa na mtoto wa kiume serikalini wala rafiki kwenye gazeti la mkoa. Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Changu ni cha shule ya usiku, na nilikipata nikiwa nimeshaota mvi, baada ya kubeba matofali maisha yangu yote. Sikuwa na meno ya mbele, isipokuwa yale ya kununua.

Na asubuhi ile ya mazoezi, kama mtakavyoona, nilikosa kitu kidogo kuliko hivyo vyote. Hicho ndicho kilichotuangusha.

Nilichokuwa nacho ni ahadi. Niliwaahidi wazee wa Shangkeng kwamba kituo chetu cha kura hakitahama.

Ngojeni niwaeleze mkosi ulikoanzia. Shule ya kijiji ilifungwa kwa kukosa watoto, kituo cha kura kikahamia hekaluni. Hatujatulia, ofisi ya uchaguzi ya wilaya ikatoa taarifa: haina watumishi wa kutosha, kwa hiyo vituo vidogo vya milimani vitaunganishwa na kile cha mjini. Yaani Januari kisiwa chetu kizima kimchague rais, na sisi tushuke mlima kwa basi ambalo siku ya Jumamosi, siku ya kura, halionekani.

Nikaenda wilayani nikapiga meza. Wakasema haya, fanyeni kura ya mazoezi. Ikienda vizuri, kituo kinabaki. Ikiharibika, mnashuka mjini kama wengine.

Na afisa waliyemtuma kuja kutupima alikuwa Peng Shao-ting, mume wa binti yangu Yu-ching.

"Una bahati, Tseng Jui-huo," watu waliniambia. "Mkwe hawezi kumwangusha baba mkwe."

Mimi nami nikaamini. Sasa sikilizeni.

Wazee walijaa hekaluni kabla ya saa waliyoambiwa. Walivaa makoti yao ya harusi na mazishi. Mke wangu Luan-mei alikuwa jikoni na akina mama, wanatwanga majani ya chai pamoja na karanga na ufuta, maana baridi ya Desemba huku kwetu inaingia mpaka kwenye magoti.

Shao-ting alifika amechelewa, uso umempauka. Akashusha sanduku la kura, akasimamisha vituturi vya makaratasi magumu, akaweka karatasi za kura mezani. Kwa kuwa ni mazoezi, wagombea walikuwa matunda: balungi, ndizi na papai.

"Baba," alinifuata, "leo wewe ndiye mwita kura."

Jamani. Kwetu kura hazihesabiwi kimyakimya. Kila karatasi inanyanyuliwa juu watu waione, mwita kura anapaza sauti, na mwenzake anachora mstari ubaoni mbele ya macho ya wote. Kazi hiyo siku zote hupewa walimu. Tangu nijue kusoma nilikuwa naitamani, na Luan-mei ni shahidi wa jinsi ninavyofanya mazoezi ya sauti bafuni.

"Msomi wa Jioni leo kapewa kazi!" Wen Tien-fu alipiga kelele. Huyu ni jirani yangu, mchimba makaa wa zamani, na hatujawahi kupigia kura chama kimoja tangu tuoe. "Chunga meno yasidondoke kwenye sanduku, tutashindwa kujua ni kura ya nani."

"Wewe chagua tunda lako unyamaze."

"Balungi! Wenye akili wote balungi! Ndizi ni ya nyani!"

Watu wakacheka. Nikasimama kwenye meza yangu kama jemadari.

Kisha Shao-ting akaninong'oneza. "Baba, mihuri haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye boksi. Mihuri ya kupigia kura."

Nilimtazama. Kura kwetu hupigwa kwa muhuri wa Tume ya Uchaguzi, kale kaduara kadogo unakokakuta ndani ya kituturi. Hupigi kwa kalamu, hupigi kwa kidole. Bila ule muhuri hakuna kura.

"Sasa?"

"Napiga simu wilayani." Akatoka. Simu pale hekaluni haishiki. Lazima ushuke mpaka kwenye daraja.

Tukangoja. Chai ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Wazee walikuwa wamepanga mstari, na mstari wa wazee si wa kuchezea: huyu anatetemeka mguu, yule anataka msalani.

"Tume imetujengea choo ikasahau kuchimba shimo," alisema Tien-fu.

Hapo Bibi Yin-mei akasogeza kigari chake cha kutembelea mpaka mezani kwangu. Ndiye mkubwa wetu sote. Alifungua kimfuko shingoni, akatoa muhuri wake wa pembe, ule wenye jina lake, anaotumia benki, posta na kwenye hati ya shamba.

"Jui-huo, mwanangu, kwani tatizo ni muhuri? Mimi ninao."

Huku kwetu kila mtu mzima ana muhuri wa jina lake. Kwa asiyejua kuandika, muhuri ndio mkono wake. Bibi Yin-mei hajawahi kukiri jambo lolote zito duniani bila ule muhuri.

Na mimi nilijua sheria. Nawaambia kweli, nilijua. Ukipiga jina lako kwenye karatasi ya kura, imeharibika, maana kura ni siri. Lakini mstari ulikuwa umechoka. Nikajiambia haya ni mazoezi tu, wajifunze kuingia kituturini na kutoka, muhuri ni muhuri.

"Endeleeni," nikasema. "Kila mtu na wake."

Lo! Furaha iliyoingia pale! Mifuko ikafunguliwa, mihuri ikatoka, ya mbao, ya pembe, ya jiwe. Waliingia vituturini wima. Walipuliza wino ukauke, wakakunja karatasi, wakatumbukiza.

Nikafungua sanduku. Nikavuta pumzi. Nikanyanyua karatasi ya kwanza.

"Papai!" nikapaza. Na kwa kuwa macho yangu hayawezi kuona maandishi yakayapita, mdomo ukaendelea wenyewe: "Ya Bibi Yin-mei!"

Hekalu lilipasuka kwa kicheko.

"Ndizi! Ya... Wen Tien-fu!"

"Uongo!" Tien-fu aliruka.

"Jina lako hili hapa, limekolea."

"Si ulisema ndizi ni ya nyani?" mke wake akamuuliza.

"Nilikuwa nawapima!"

"Miaka yote hii unaniambia nyumbani tunapiga kura pamoja," mke wake akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Leo unanigeuka kwa ndizi. Kwa rais je?"

Katikati ya makelele hayo nikaona watu wa nyuma wananyamaza, kimya kikaja mbele mpaka kikanifikia. Mlangoni alikuwa amesimama mtu mwenye koti refu jeusi. Nyuma yake Shao-ting, ameinamisha kichwa. Na nyuma ya Shao-ting, kijana wa kupiga picha.

Alikuwa mkuu wa ofisi ya uchaguzi ya wilaya. Amekuja kujionea.

Alichukua karatasi mkononi mwangu. Akachukua nyingine. Akafunua zote, moja moja, bila haraka, na kijana akawa anapiga picha kila moja.

"Zimeharibika," alisema. "Zote. Hakuna hata kura moja halali. Sijawahi kuona kituo cha namna hii tangu nianze kazi."

"Muhuri wa Tume haukuwepo," nikasema.

"Mzee Tseng, siku ya uchaguzi kukitokea hitilafu, mtapiga kura kwa mihuri ya benki?"

"Siku ya uchaguzi mtakuja bila muhuri?"

Mtu mmoja akakohoa. Mkuu akamgeukia mkwe wangu. "Afisa Peng. Mihuri iko wapi?"

Shao-ting alinitazama, kisha akatazama sakafu.

"Nilisahau kuichukua, mkuu."

"Mmesikia. Ni uzembe wa mtu mmoja, na ataadhibiwa. Lakini wazee wangu, uzembe wake haubadilishi hiki nilichokiona. Hamko tayari. Kituo kitaunganishwa na cha mjini, kwa faida yenu wenyewe."

Bibi Yin-mei alikuwa bado ameshika muhuri wake. Aliuliza watu wa karibu, "Amesema nini? Papai limeshinda?"

Siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ndiye niliyesema endeleeni. Mwenye ahadi ndiye aliyeivunja, tena kwa sauti ya kupaza.

Mkuu aliniita kando, karibu na chetezo cha ubani. Sauti yake ikawa laini.

"Sauti unayo, mzee wangu. Nimekusikia tangu barabarani. Mjini tunahitaji mwita kura. Utavaa kizibao cha Tume, jina lako kifuani, utasimama mbele ya mji mzima."

"Mimi?"

"Wewe. Nisaidie jambo moja tu. Wazee wanakusikiliza." Akakunjua karatasi. "Hapa panasema wakazi wa Shangkeng wameridhia kituo kuhamishwa. Weka muhuri wako hapa chini."

Nawaambieni, moyo uliruka. Nilijiona na kile kizibao. Nilimwona mwalimu wangu wa shule ya usiku, Mungu amlaze pema, ananisikia huko aliko.

Kisha nikaitazama ile karatasi, na kicheko kikanitoka kabla sijakizuia.

"Sasa hivi mihuri yetu ilikuwa kosa. Sasa wangu umekuwa lulu?"

"Mzee Tseng, usifanye mzaha."

"Sifanyi. Bibi yule ana miaka zaidi ya tisini. Hajawahi kukosa kura hata moja tangu turuhusiwe kumchagua rais wenyewe. Mnataka ashuke mlima na kigari. Siweki."

"Utajuta."

"Nimeshajuta leo, tena vya kutosha. Nafasi imejaa."

Akakunja karatasi yake akaondoka. Shao-ting akapanda gari lile lile bila kuniaga.

Nilimwambia Luan-mei nitaandika barua makao makuu ya Tume, naye akatangulia nyumbani. Nami nilipofika, simu ilikuwa inalia kabla sijavua viatu. Yu-ching, kutoka mjini.

"Baba, mama kaniambia unataka kuandika barua makao makuu."

"Mama yako ana mdomo mwepesi kuliko umeme."

"Usiiandike."

"Kwa nini?"

"Shao-ting yuko kwenye mkataba wa muda, unajua. Mwezi huu ndiyo wanaamua nani apewe ajira ya kudumu. Jina lake lipo. Wakipata barua kutoka juu inayosema afisa alisahau mihuri, wataanza naye."

"Kwani hakusahau?"

"Baba, mimi nina mimba."

Nilikaa chini.

"Tulitaka kuwaambia mwaka mpya," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Kwa hiyo nakuomba kama binti yako. Nakodi gari, nawashusha wazee wote mjini siku ya kura. Nitafanya hivyo mimi mwenyewe. Ila barua acha."

"Na uchaguzi ujao? Na ule wa baada yake?"

"Baba, huwezi kupigana na kila mtu!"

"Sipigani na kila mtu. Napigana na wale waliosema hatuko tayari, ilhali wao ndio waliokuja mikono mitupu."

Alikata simu. Hajawahi kunikatia simu tangu azaliwe.

Luan-mei alikuwa mlangoni, ameshika kitambaa cha vyombo. Nilimwambia habari ya mjukuu. Alilia, akacheka, akajifuta kwa kile kitambaa. Nikamwomba atoe hukumu.

"Mimi sijasoma shule yako ya usiku," akasema.

"Luan-mei, usinikimbie."

"Sikukimbii. Unaniuliza kama uandike? Andika. Ukiacha, utanuna mpaka mjukuu aoe, na atakayekaa na mnuno wako ni mimi. Lakini jiandike na wewe. Usije ukamtia mkwe wangu humo peke yake wakati aliyesema endeleeni ni wewe."

Nikaandika. Kwa mkono, kwa wino, mistari imenyooka. Niliandika hivi:

"Mimi Tseng Jui-huo ndiye niliyewaambia wazee watumie mihuri yao. Kosa hilo ni langu, si lao. Walipanga mstari, waliingia mmoja mmoja, walikunja karatasi zao, hawakusukumana. Walijua kupiga kura kabla baadhi ya wakubwa wa leo hawajazaliwa. Afisa alisahau mihuri. Nauliza: ofisi inayoweza kusahau kitu kimoja ambacho bila hicho hakuna kura, ina haki gani ya kusema wananchi hawako tayari? Siombi huruma. Nadai kituo chetu, na nadai mazoezi mengine, safari hii na muhuri wa Tume."

Niliisoma kwa sauti. Luan-mei alisema ndefu. Nikamwambia hasira yenyewe ni ndefu zaidi, hapo nimeifupisha.

Asubuhi nikashuka mjini na lori la Tien-fu la kupeleka mboga. Nilishangaa alivyokubali. Njia nzima hakunitania, isipokuwa mara moja.

"Nilichagua ndizi kwa sababu napenda ndizi," alisema. "Mke wangu sasa ananipikia uji mtupu."

"Kwa rais unachagua nani?"

"Nyamaza, Msomi wa Jioni. Kura ni siri." Kisha akaongeza, macho barabarani, "Huyo mkuu wako mwambie hivyo hivyo. Ila kwenye barua hii ya kumkomesha, mimi na wewe tuko chama kimoja leo. Leo tu."

Posta ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Na mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, alikuwa amesimama Shao-ting.

Nilishika begi langu kifuani kama msichana.

"Yu-ching amekutuma."

"Hajui kama niko hapa. Baba, nipe barua."

"Uichane?"

"Niisome."

Alikuwa na macho mekundu. Nikafikiri: nikikataa, nimemwita mwizi mbele ya watu. Nikampa. Aliisoma amesimama pale pale, akarudia, akapitisha kidole chini ya mistari kama sisi wa shule ya usiku tulivyokuwa tukifanya darasani.

"Umekosea mahali pamoja," akasema.

"Kosa langu nimeliandika."

"Si hilo. Hapa. Umesema nilisahau mihuri."

"Si wewe uliyesema? Mbele ya mkuu wako, mbele ya kijiji kizima?"

"Sikusahau." Alitazama nyuma yake kisha akanisogelea. "Niliingia stoo alfajiri ile. Nilifungua kila boksi. Mihuri ya zamani mpira wake umeoza, ukiugusa unabaki kidoleni. Mipya haijaletwa. Si ya Shangkeng peke yake, Baba. Ya wilaya nzima. Nilimwambia mkuu. Akasema nenda hivyo hivyo, na ukiulizwa, umesahau."

Uchaguzi ulikuwa Januari, na sisi tulikuwa tunagombania kituo kimoja cha mlimani.

"Ile simu ya darajani?"

"Nilikuwa namwomba aniruhusu niahirishe. Kumbe alikuwa tayari njiani."

"Kwa nini ulikubali kubeba mzigo wake?"

"Ajira," alisema. "Na mtoto." Aliitazama ile kofia. "Jana usiku Yu-ching aliniuliza, kwani kweli ulisahau? Wewe usiyesahau hata kulipa bili ya maji? Nikamdanganya na yeye pia. Asubuhi nikashindwa kunywa chai."

"Shao-ting, ukinieleza haya nikayaandika, wewe huna kazi."

"Najua."

"Naweza kuiacha kama ilivyo. Umesahau, basi. Watakukaripia, itapita."

"Na siku ya kura? Wazee wa wilaya nzima watatoa mihuri yao mfukoni?" Alinirudishia barua. "Andika, Baba. Na jina langu liandike kamili. Usiseme afisa mmoja."

Mimi ni mtu wa maandishi safi. Shule ya usiku nilipata sifa kwa hilo, na sijawahi kupeleka barua yenye neno lililokatwa. Nikaenda kwenye kile kimeza cha posta, nikachukua kalamu yao iliyofungwa kwa mnyororo, na nikapiga mstari mnene juu ya neno "alisahau." Pembeni nikaandika stoo, mpira uliooza, mihuri isiyoletwa, na amri ya kusema uongo. Nafasi ilipoisha nikageuza nyuma.

Shao-ting akachukua kalamu. Akaandika chini ya jina langu: Peng Shao-ting, afisa wa uchaguzi, nimeona kwa macho yangu.

"Ya rejista?" karani aliuliza kutoka dirishani. "Gari la mzigo linaondoka sasa hivi."

"Ya rejista," nikasema. "Makao makuu ya Tume."

Nikanunua bahasha. Shao-ting akanipokea bahasha. Akatia barua ndani, akachovya brashi kwenye kikopo cha gundi, akapaka ukingo taratibu, akaufunga na kuupitishia ngumi yake mara mbili.

Simu yake ikaanza kulia. Tuliangalia kioo pamoja. Alikuwa mkuu wake.

"Usipokee," nikasema.

Alisukuma bahasha chini ya dirisha. Karani akaipima, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia, na mtu wa gari akalibeba gunia akatoka nalo. Simu ilikuwa bado inalia.

Shao-ting aliipeleka sikioni.

"Ndiyo, mkuu," alisema. "Niko posta. Barua ya makao makuu nimetoka kuipeleka sasa hivi."